Mpanda Mkorosho na Neno la Serikali

Katika kazi za mwanadamu ni chache zilizo na imani kubwa kama ile ya kupanda mti. Apandaye mahindi hungoja miezi minne. Apandaye mti hungoja miaka, na mara nyingi huwapandia watu wasiozaliwa bado. Mchuuzi hununua asubuhi akauza jioni, na akiona desturi ya soko imebadilika hufunga meza yake akahamia mtaa wa pili. Mwenye shamba la miti hana mtaa wa pili. Nguvu zake amekwisha kuzitia ardhini, wala haziwezi kufukuliwa zikafungwa mzigo. Kwa hiyo yeye, kuliko raia wengine, yu mikononi mwa kesho, na kesho ya shamba hufanywa na mambo mawili: mvua, ambayo haina wa kuulizwa, na neno la serikali, ambalo linaye mwenyewe.

Siasa za kudumisha vijiji na kilimo aghalabu hupimwa kwa wingi wa fedha zilizotolewa, kwa mifuko ya mbolea iliyogawanywa, au kwa ukubwa wa bei iliyotangazwa. Vipimo hivi si vya kudharauliwa, lakini viko kama kupima nyumba kwa rangi ya kuta zake. Liko swali lililotangulia hayo yote. Je, serikali ina deni gani kwa mtu aliyepanda kwa kuliamini neno lake? Na neno hilo likigeuzwa, hata kwa nia njema kabisa, ni nani apasaye kubeba hasara ya kugeuzwa kwake? Katika Tanzania ni vigumu kupata mahali panapoliweka swali hili wazi kama mikoa ya kusini, Mtwara na Lindi, na shahidi wa kuitwa huko ni mkorosho.

Mkorosho si mwenyeji wa Afrika. Wareno waliutoa Brazil wakauleta katika pwani ya mashariki katika karne ya 16, nao ukaupenda mchanga ambao mazao mengi huukataa. Huanza kuzaa katika mwaka wa 3 hivi, hutimia nguvu zake miaka kadhaa baadaye, kisha huendelea kuzaa kwa muda ambao mtoto aliyezaliwa siku ya kupandwa kwake huweza kuoa, akazaa na kusomesha. Kwa watu wa uwanda wa Makonde, mahali penye shida ya maji ya tangu na tangu, mti huu umekuwa akiba, ada ya shule, bati la nyumba na gharama ya msiba. Bibo lake hukaushwa, au hukamuliwa likawa uraka, na korosho yenyewe husafiri hadi India kabla ya kufika katika sahani za watu ambao hawajapata kuuona mti wake.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, ikawa miongoni mwa nchi za mbele duniani kwa zao hilo. Katika msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Kati ya tarakimu hizi mbili hakuna vita vilivyopiganwa katika mashamba hayo, wala mafuriko yaliyoyafagia. Kuna mambo ambayo kila moja lilitendwa na watu waliojiona wanatenda wema.

La kwanza ni la kuhamisha watu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake juu ya ujamaa vijijini, na katika andiko hilo alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vitajengwa kwa hiari ya watu, si kwa nguvu. Lilikuwa neno zuri, na wako walioliamini. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Kusini shughuli hiyo ilikuwa imetangulia, maana vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, na kuwakusanya watu kulikuwa na sababu ya ulinzi pia. Sababu nyingine hazikuwa za upuuzi hata kidogo. Watu waliotawanyika katika mapori hawawezi kupelekewa kila mmoja bomba lake, zahanati yake na mwalimu wake. Anayezicheka sababu hizi leo ajiulize ni wangapi kati ya wasomi waliotoka kusini ambao herufi ya kwanza waliiona katika shule ya kijiji cha wakati ule.

Lakini mtu alihamishwa, mti haukuhamishwa. Asiyelijua zao hili huona kuwa ni jambo dogo. Mkulima atatembea kidogo, basi. Sivyo. Korosho haichumwi mtini kama embe: huanguka ikaokotwa chini, na shamba ambalo halikufyekwa kabla ya msimu ni sawa na hazina iliyomwagwa vichakani. Moto wa kiangazi ukiingia katika nyasi huchukua korosho, matawi na mti wenyewe. Aliyekuwa akifungua mlango akaiona mikorosho yake ikawa sasa humpasa kutembea mwendo mrefu kuifuata, na wazee na wajane, ambao mti huu ulikuwa umewafaa kwa kuwa hautaki nguvu nyingi, hawakuweza tena. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulionekana ugonjwa wa ubwiriunga, ambao hushika machipukizi na maua kama unga mweupe na kuyanyausha. Ugonjwa huo ulikuta mashamba yasiyo na mtu wa kuyapogolea wala kuyatazama, ukatamba.

Walakini hasara iliyo kubwa kuliko zote haikuonekana katika miti iliyokuwako, bali katika ile ambayo haikupandwa. Mtu aliyeambiwa kwamba hatalazimishwa, kisha akalazimishwa, amejifunza somo ambalo hakuna bwana shamba awezaye kulifuta: aliyehamishwa mara moja aweza kuhamishwa tena. Apande mti kwa ajili ya nani? Atapanda muhogo, aung'oe, aule. Hivyo amri iliyokusudiwa kuwaweka watu pamoja kwa ajili ya maendeleo ya miaka mingi iliwafundisha kufikiri kwa mwaka mmoja mmoja.

Mambo mengine yalifuata njia ile ile, na hayahitaji maneno mengi. Sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilizidi kupungua, kwa kuwa kila chombo kilichosimama kati yake na meli kilikuwa na gharama zake. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga tangu zama za ukoloni, vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikatungwa mwaka 1982. Viwanda 12 vya kubangulia korosho vilijengwa kwa mikopo ya nje, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, vikakamilika wakati korosho zimekwisha kutoweka. Mikopo ililipwa na taifa zima. Mashine zikashika kutu.

Hapa ndipo lilipo shina la jambo lenyewe. Rehema na ahadi ni wema wa namna mbili, na watawala wengi huzichanganya. Rehema humtazama mtu katika shida yake ya leo. Hutoka moyoni mwa mtoaji, nayo huja au haiji kwa kadiri moyo huo upendavyo. Ahadi humfunga mtoaji hata siku ambayo moyo wake haupendi. Mpokea rehema hushukuru. Mpokea ahadi hudai. Wahenga waliposema kwamba ahadi ni deni hawakuwa wakipamba mazungumzo: deni lina mdai, na mdai ana haki ya kubisha hodi bila ya kuitwa mkorofi. Serikali nyingi, wala si ya Tanzania peke yake, zimekuwa tayari zaidi kumrehemu mkulima kuliko kuwa wadeni wake. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Rehema hutangazwa kwa vigelegele, na mtoaji wake hupigwa picha. Ahadi iliyotimizwa miaka 20 mfululizo haina tangazo, maana haina habari mpya ndani yake: mwaka huu sheria ni ile ile ya mwaka jana.

Rehema humfanya apewaye kuwa mtoto. Huonekana dhahiri pale mkulima anapolalamika, na kiongozi akaudhika na kusema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Methali hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Punda huweza kuambiwa hivyo na mtu aliyemlisha. Mkulima wa korosho hakulishwa na mtu. Alichukua mti, mchanga na maisha yake akalizalishia taifa fedha za kigeni, na anachouliza ni kama lile neno aliloambiwa alipokuwa akichimba shimo lingali ni neno.

Miti iliyosahauliwa ilifufuliwa katika miaka ya 1990, na jinsi ilivyofufuliwa ni ushahidi. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati wake huzuia ubwiriunga. Biashara iliachiwa watu binafsi, bei ikapanda, na wenye miti wakarudi maporini kufyeka. Mwishoni mwa miaka hiyo mavuno yalipita tena tani 100,000. Wanunuzi binafsi nao walikuwa na dhuluma zao, hasa za mizani na za kupatana bei gizani, na kwa sababu hiyo tangu mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, hupewa stakabadhi, na korosho zake huuzwa kwa mnada pamoja na za wenzake. Mpango huu una hekima, maana mnyonge aliyesimama peke yake mbele ya mnunuzi sasa husimama pamoja na kijiji. Una madhaifu pia. Aprili 2013, huko Liwale, malipo ya pili yalipokuja pungufu ya yaliyotarajiwa, nyumba zilichomwa moto. Kuchoma nyumba ya mtu ni uovu usio na udhuru. Lakini ni vema kutambua kwamba watu hawakukasirishwa na bei ndogo, kwani bei ndogo wamezizoea. Walikasirishwa na tofauti kati ya walichoambiwa na walichopewa.

Tena kuna kangomba. Kati ya mavuno na mavuno kuna miezi mirefu. Korosho huanza kuuzwa Oktoba, na masika yanapofika fedha imekwisha na chakula kipya hakijakomaa. Mama mwenye mtoto mgonjwa mwezi wa Machi hana la kupeleka ghalani. Hapo hutokea mtu mwenye bakuli. Hutanguliza fedha kidogo juu ya korosho ambazo bado hata maua hazijawa, na msimu ukifika hujilipa kwa kipimo chake, si kwa mizani, kwa bei iliyo sehemu ndogo ya bei ya mnada. Sheria inamkataza, na viongozi humwita mnyonyaji. Ni mnyonyaji kweli. Lakini yule mama akiulizwa, yamkini atajibu kwamba usiku ule hakukuwa na mtu mwingine aliyemfungulia mlango. Mwenye bakuli hukopesha kwa kuwa anajua mti utazaa. Huuamini mkorosho kuliko benki zinavyouamini. Kumpiga marufuku bila ya kuweka mwingine mahali pake ni kumwondolea mama dhuluma na dawa kwa pamoja. Na benki, au chama, kitaweza kukopesha juu ya korosho za mwakani ikiwa tu kinajua kwamba mwakani korosho zitauzwa kwa utaratibu unaojulikana leo. Hata kangomba, basi, hula katika sahani ile ile ya neno lisilotabirika.

Yaliyotokea mwaka 2018 yanastahili kutazamwa kwa utulivu, maana nia iliyokuwamo ilikuwa ya kumtetea mkulima, na wengi walishangilia. Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema: zaidi ya tani 313,000, na mnadani bei ikakaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Katikati ya mwaka 2018 sheria ya ushuru ilibadilishwa. Hapo awali asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje ilielekezwa katika kuliendeleza zao lenyewe. Sasa fedha yote ikaingia katika mfuko mkuu wa serikali. Oktoba bei zilizotolewa na wanunuzi zilishuka mno, wakulima wakakataa kuuza. Novemba 10 Rais John Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa biashara. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba jeshi litazisomba.

Bei ilikuwa nzuri kuliko ya mnada, na hakuna mwenye haki awezaye kumlaumu mkulima aliyefurahi. Ila furaha hiyo ilitangulia malipo. Waliokuwa na zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa kwanza, waonyeshe mashamba yao, ili walanguzi wa kangomba wasilipwe jasho la wengine. Kwa hiyo mwenye shamba kubwa, aliyejitahidi kuliko jirani zake, alijikuta akithibitisha kwamba yeye si mwizi wa mali yake. Baadhi walilipwa mapema, wengine walingoja miezi mingi, na wako ambao kungoja kwao kulivuka mwaka. Korosho nazo zilikaa maghalani. Mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya, uliotiwa saini Januari 2019, ulivunjika. Aliyengoja fedha hakununua salfa kwa wakati. Mavuno hayakuirudia hesabu ya 2017/18 kwa misimu kadhaa, na ingawa hali ya hewa na magonjwa yana sehemu yake katika hilo, salfa iliyokosekana mwezi wa Juni haiwezi kupulizwa Desemba.

Atatokea mwenye kupinga aseme: serikali isiyogeuza neno ni serikali ya mawe. Dunia hubadilika, bei huanguka, makosa hugunduliwa. Je, sheria mbaya idumishwe kwa sababu tu watu wamekwisha kuizoea? Kama ni hivyo, si hata amri ya 1973 ingepasa kuendelea milele, maana nayo ilikuwa neno la serikali? Pingamizi hili ni la kweli, tena halijibiwi kwa kusifu uthabiti. Uthabiti peke yake ni sifa ya mwenye kutenda mema na ya mwenye kutenda mabaya pia, na mkaidi naye ni thabiti.

Jibu liko katika ile hasara. Neno laweza kugeuzwa, na wakati mwingine ni wajibu ligeuzwe. Lakini anayeligeuza ndiye apasaye kubeba mzigo wa kugeuka kwake, asimwachie yule aliyeliamini. Sheria za nchi zenyewe zinaijua kanuni hii mahali pengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba mtu akinyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma hustahili fidia kamili, ya haki na ya upesi. Barabara ikipita katika mikorosho, kila mti huhesabiwa na kulipiwa. Lakini tangazo likipita katika mikorosho hiyo hiyo, likaufanya mti usiokatwa kuwa hauna thamani, hakuna ahesabuye. Mbele ya macho ya mwenye shamba hasara mbili hizi ni moja. Tofauti yake iko katika vitabu tu. Hebu kanuni ya barabara ingetumika mwaka 1974: mkuu wa wilaya angelazimika, kabla ya kupakia vyombo vya watu katika lori, kuhesabu mikorosho itakayoachwa na kuilipia. Huenda vijiji vingi vingejengwa hata hivyo. Yamkini vingejengwa karibu na miti. Na kama kanuni hiyo ingetumika mwaka 2018, ushuru uliokuwa ukinunua salfa usingeondoka kabla ya kupatikana mahali pengine pa kuinunulia.

Kwa hiyo kanuni hii haiwafungi mikono watawala, bali huwafanya wasite. Kusita huko ni jambo jema, kwa sababu mtu asiyelipia kosa lake hana sababu ya kulichelewesha. Katika miaka yote hii mabadiliko yaliamuliwa mbali na mashamba, na wale walioamua hawakukosa mshahara hata mwezi mmoja kwa ajili ya kukosea. Si lazima kudhani kwamba walikuwa watu wabaya. Ni kwamba mizani yao ilikuwa na sahani moja.

Baada ya mwaka 2021 serikali ilianza kuwagawia wakulima wa korosho pembejeo bure, minada iliboreshwa, na msimu wa 2024/25 ulipita tani 400,000, kiasi ambacho kabla ya hapo hakikuwa kimepata kuonekana nchini. Miche bora inagawanywa hata katika mikoa ambayo haikuwa na desturi ya zao hili. Haya ni ya kupongezwa. Lakini salfa ya bure ni rehema, nayo yaweza kukoma kwa waraka mmoja. Haijawa deni.

Jina la machinga, ambalo leo huitwa kila kijana mwenye kutembeza bidhaa mitaani, lilikuwa jina la kabila la mkoa wa Lindi kabla ya kuwa jina la kazi. Vijana wa kusini walikwenda Dar es Salaam kwa wingi katika miaka ambayo mikorosho ya baba zao ilikuwa imemezwa na pori. Mmoja wao sasa amezeeka, au mwanawe amekua, na habari zimemfikia kwamba bei ni nzuri. Anajua mahali lilipo shamba la babu. Anajua kwamba mche akiutia ardhini mwaka huu utamlipa vema baada ya miaka saba au minane, na kwamba katika miaka hiyo kutakuwa na uchaguzi mkuu, mawaziri wa kilimo wasiojulikana leo, na matangazo yasiyohesabika. Bei ya mwaka huu haimsaidii kuamua. Meza yake ya mtumba aliyonayo mjini faida yake ni ndogo, lakini aweza kuikunja jioni akaondoka nayo.